Garbasaari Kwenye Msumari

Vidole vyake vya mguu vilikuwa vinacheza. Nianze hapo, maana nikianza kwingine nitajipendelea. Alikuwa amelala chali kwenye saruji, chini ya ngazi ya tangi, na vidole vya mguu wake wa kushoto vilikuwa vinakunjika na kukunjuka, kama vya mtu anayetafuta ndala zake chini ya kitanda. Niliviona kwa macho yangu. Kisha nikasema ainuliwe.

Kiwanda chetu ni kidogo. Kiko nje ya mji wa Garissa, upande wa barabara ya Modogashe, na kazi yake ni maziwa ya ngamia. Maziwa huja asubuhi kwa lori, yakiwa kwenye mitungi ya alumini. Tunayapima, pampu inayavuta hadi kwenye tangi la juu, kutoka huko yanashuka kwenye mashine ya kuchemshia, yanapozwa, yanatiwa kwenye chupa. Sisi wa sakafuni ni wanawake watupu, maana kwetu mwanamume hukama ngamia lakini anayejua soko la maziwa ni mwanamke. Mimi ni msimamizi wa zamu. Nina sauti kubwa na subira ndogo, na wenzangu wananisengenya kwa hayo yote mawili, tena bila kunong'ona sana.

Aliyeanguka tulimwita eeddo, yaani shangazi. Hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu kwa damu, ila alikuwa mkubwa wetu, na kwetu neno hilo huenda na kurudi: wewe unamwita eeddo, naye anakuita eeddo vilevile. Alikuwa ameuza maziwa kando ya barabara kwa miaka mingi kabla kiwanda hakijajengwa, na alichokuja nacho kiwandani ni pua. Mwenye kiwanda alikuwa amenunua vipimo vya maabara. Tulivitumia, tukaandika matokeo kwenye daftari, kisha tukamngoja eeddo anuse. Akisema maziwa haya yameshinda juani Modogashe, basi yameshinda juani Modogashe. Dereva mmoja alimbishia siku moja, akaapa kwamba hakusimama popote njiani. Eeddo alimwambia alikuwa amesimama kula mbuzi, na kwamba hata yule mbuzi alikuwa mzee. Dereva akacheka, akakubali.

Ili anuse ilibidi apande. Ngazi ya tangi ilikuwa ya chuma, nyembamba, vipandio kumi na viwili, na reli ya kushikia upande mmoja tu. Kampuni ilitupa gambuti sote, lakini yeye alizivua chini kabisa akapanda pekupeku. Nilimkataza mara kadhaa. Alinijibu kwamba hajawahi kupita juu ya maziwa na viatu alivyokanyagia choo, na hataanza uzeeni. Mtu aliyelelewa na maziwa hujibiwa nini hapo? Akifika juu hufunua kifuniko, huinama, hunusa, kisha huchota kidogo kwa kopo na kushuka nalo, ayachemshe kwenye jiko la makaa aone kama yatakatika. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kila asubuhi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kwa nini mama wa umri ule apandishwe juu ya chuma chenye majimaji.

Kipandio cha tatu kutoka juu kilikuwa na nati iliyolegea. Niliiandika mara mbili kwenye daftari la matengenezo. Fundi nilimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, naye akaniambia atakuja baada ya Idi. Hakusema Idi ipi.

Asubuhi ile nilikuwa nimewageukia wale wa chupa ninagomba, na nilisikia kabla sijaona. Chuma kilipiga kelele, halafu kitu kizito kikatua. Nilipogeuka alikuwa chini. Kipandio kilikuwa kimepinduka chini ya mguu wake wakati akishuka. Mkono mmoja ulikuwa kwenye reli, wa pili ulikuwa na kopo, na reli ikamponyoka. Angeliachia lile kopo angeshika reli kwa mikono miwili, na nadhani asingefika chini. Lakini huyu ni binti wa watu wa ngamia. Maziwa hayamwagwi kwa makusudi, hata ukiwa hewani. Alianguka kwa mgongo na kopo likabaki limesimama kifuani pake, amelishika kwa mikono miwili, na nusu ya maziwa ilikuwa bado imo ndani. Nikisimulia hili watu hucheka, na yeye ndiye huanza.

Dera lake lilikuwa limepanda hadi mapajani. Mlangoni walikuwa wamekwisha kufika madereva wawili na mwanamume wa boila, waliokuja mbio kwa nia njema ya kusaidia. Alinitazama. Hakulia. Alijaribu kushusha nguo kwa mkono mmoja huku wa pili ukishikilia kopo, na mkono haukufika.

Nikiwa mkweli, sikuona mgongo. Niliona mapaja ya mama mwenye watoto wakubwa, mama ambaye wanaume wale walimwamkia wakiwa wameinamisha macho, yakiwa wazi mbele yao. Aibu ile niliihisi kwenye ngozi yangu mwenyewe.

"Mwinueni," nilisema. "Mwingizeni stoo, upesi."

Tulikuwa wanne, wawili mabegani na wawili miguuni. Tulimbeba kwa upole wote tuliokuwa nao. Mlango wa stoo ni mwembamba, tukalazimika kugeuka upande, na kwenye kugeuka kule alitoa sauti moja fupi, kisha akanyamaza. Tulimlaza juu ya magunia, tukamfunika, tukafunga mlango, na sote tukapumua kama watu waliookoa kitu. Ndipo nikatazama miguu yake. Vidole vilikuwa vimetulia.

Kwenye ukuta wa ofisi yangu, hatua chache kutoka pale, kulikuwa na cheti chenye jina langu. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku mbili ya huduma ya kwanza. Mkufunzi alituambia aliyeanguka kutoka juu asiguswe, asigeuzwe, asiinuliwe, mpaka waje wenye machela, na alitufanya tuyarudie maneno hayo kwa sauti kama watoto wa chuo cha Kurani. Tulifanyia mazoezi kwa sanamu la mpira, na sanamu lile lilikuwa limevaa suruali. Hakuna aliyetuambia la kufanya ikiwa aliyeanguka ni mwanamke mwenye dera na wanaume wamesimama mlangoni. Nami sikuuliza, ingawa darasani nilikuwa naongoza kwa maswali.

Hospitalini, daktari, kijana mgeni kwetu, alitaka kujua jinsi mgonjwa alivyobebwa. Sisi wenyewe kwa wenyewe huzungumza Kisomali, lakini kwa daktari Kiswahili ndicho kilikuwa njia, na mwenzetu wa mashine ya chupa akakimbilia kujibu kabla yangu.

"Sisi tumebeba yeye bolebole, daktari," alisema. "Wallahi, bolebole sana."

Daktari hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alisema mfupa wa kiunoni umevunjika na unabana mishipa ya fahamu, na kwamba si rahisi kujua ni kiasi gani kilifanywa na kuanguka na kiasi gani kilifanywa na kubebwa. Wenzangu waliyachukua maneno hayo kama faraja, wakaenda nayo nyumbani. Mimi nilienda nyumbani na vile vidole.

Watu walisema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Naamini kadari, sina ugomvi nayo, lakini Mungu hakunishika ulimi akanilazimisha kusema mwinueni. Wengine walisema ajali haina kinga. Hao niliwajibu kwamba ngazi ina nati. Nilikuwa mkali mwezi ule kuliko kawaida yangu, na kawaida yangu tayari ni kali.

Kutoka Nairobi aliletwa mtu wa usalama kazini, mwenye kofia ngumu ya njano na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga vumbi. Alipima ngazi, akapiga picha, akatuuliza maswali, kisha akatushauri wanawake tuvae suruali za kazi na tuache nguo ndefu. Alisema nguo ndiyo imemwangusha. Nilimpeleka hadi kwenye kile kipandio, nikakichezesha kwa kidole kimoja mbele ya uso wake, nikamfungulia daftari la matengenezo kwenye kurasa zote mbili. Nilipaza sauti hadi madereva wakaacha chai yao. Alikuwa mtu mwungwana kuliko viatu vyake. Alifuta alichoandika, akaandika nati. Wenzangu walinisifu siku hiyo wakasema nimemtetea eeddo. Sikujisikia kusifiwa. Kupiga kelele juu ya nati kulikuwa rahisi kuliko kusema kwa sauti ya chini nilichokiona sakafuni.

Basi ngazi ikabadilishwa, ikaja pana, yenye vipandio vya kukwaruza na reli pande zote mbili. Fundi, yule wa Idi, alipokuwa akiifunga alisimama akauliza kwa nini mtu apande kabisa, ikiwa anachotaka ni kopo moja tu la maziwa. Akatoboa ubavu wa tangi karibu na kitako chake, akashusha bomba dogo lenye koki hadi usawa wa kiuno cha mtu. Kazi ile ilimchukua asubuhi moja. Nilienda nyuma ya stoo nikalia kwa hasira, maana asubuhi moja tuliikosa kwa miaka.

Eeddo alirudishwa nyumbani kwake, akalazwa kwenye godoro juu ya ubao, na kwa wiki nyingi akakatazwa kuketi. Nilimtembelea kila Ijumaa na siku nyingine katikati. Nilibeba anjera, zile chapati zetu laini za maji, nilibeba ndizi, nilibeba habari za kiwandani. Binti yake alikuwa akimkanda miguu kwa mafuta ya simsim, na taratibu mguu wa kulia ukaamka. Wa kushoto ukaamka hadi kwenye kifundo, ukakoma hapo. Ulikuwa ni ule mguu niliouona ukicheza. Kila nilipoingia chumbani macho yangu yalikwenda huko kwanza kabla sijamwamkia, na nilidhani haoni.

Ijumaa moja binti yake alitoka kwenda dukani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, nikaisahau yote. Nilimwambia tu kwamba alipokuwa sakafuni vidole vyake vilikuwa vinacheza, kwamba niliviona, kwamba nilifundishwa asiinuliwe, na kwamba mimi ndiye niliyesema ainuliwe. Nililia vibaya, kwa kamasi, kama mtoto.

Aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Najua, eeddo. Mlangoni pa stoo kuna kitu kilikatika. Nilikisikia."

Nilimwuliza kwa nini hakusema wakati wote ule. Alisema angesema ningeacha kuja, na anjera ya binti yake ni ngumu. Kisha uso wake ukawa mzito, akatazama dari. Alisema ningemwacha pale mbele ya wale wanaume, akiwa vile alivyokuwa, asingenisamehe mpaka kaburini, na nisijidanganye kwamba ningefanya hivyo ningekuwa nimefanya wema. Nikadhani mazungumzo yameishia hapo, na nikaona nimepona. Nilianza kujipangusa uso kwa ncha ya garbasaari yangu, ule mtandio mpana wa mabegani ambao wanawake wa kwetu hatutoki bila huo. Akanyoosha mkono, akaushika.

"Ulikuwa umevaa hii," alisema. "Pana kama hema. Wanne wote mlikuwa nazo."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayeonyesha funguo zilizokuwa juu ya meza muda wote watu wakizitafuta. Ningeweza kumfunika pale pale alipolala. Tungeweza kusimama tukampa migongo, tukamfanyia ukuta wa nguo, na wale madereva wangeita machela badala ya kutazama kuta. Stara yake ilikuwa mabegani mwangu, nami nilikwenda kuitafuta stoo. Majuto ni mjukuu, walisema wazee, na wangu alizaliwa mchana ule akiwa na meno tayari.

Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe. Sijamwuliza.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Pua yake haikuvunjika. Alirudi kazini kwa tuktuk, na fimbo mkononi, mguu wa kushoto akiukokota. Mwenye kiwanda alimwekea kiti na meza kando ya lile bomba dogo. Maziwa ya kwanza aliyoyanusa siku hiyo aliyakataa, na dereva wa lori alishukuru kwa sauti, akasema sasa dunia imerudi mahali pake. Kisha eeddo akaniomba msumari. Nilidhani ni wa kutundikia mkoba. Nikaupigilia ukutani palepale aliponionyesha, kando ya ndoo za mchanga wa kuzimia moto, naye akavua garbasaari aliyokuja nayo, ya rangi ya maji ya kunde, akaitundika. Akabaki na ndogo ya kichwani.

Akatukusanya wote, na wale wa boila pia. Alitueleza kwamba nguo hiyo si ya mtu. Akianguka mtu, mwanamke au mwanamume, anafunikwa alipo. Wanawake wanasimama duara wakitazama nje. Wanaume wanaita machela, kisha wanakwenda kungoja lori getini kama vile hakuna lililotokea. Hakuna anayemgusa, hata akiomba. Alirudia hilo la mwisho akinitazama mimi. Yule mtu wa usalama alipokuja tena kukagua, aliuliza ile nguo ni ya nini, na baada ya kuelezwa aliiandika kwenye orodha yake ya vifaa, chini ya kizimamoto. Niliiona kwa macho yangu.

Ilikaa hapo karibu mwaka mzima, ikifuliwa kila Alhamisi, bila kazi. Ningependa kusema kwamba wa kwanza kuitumia alikuwa mzembe fulani wa zamu ya jioni. Alikuwa ni mimi.

Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji ya sabuni, bado haijakaushwa, na nilikuwa natembea kwa haraka kwenda kumgombeza mtu. Mtu mwenyewe simkumbuki tena. Gambuti iliteleza, nikaenda juu, nikatua kwa kiuno na kisogo. Niseme mapema kwamba sikuvunjika; nilitoka na uvimbe na wiki mbili za kulala kifudifudi. Lakini pale chini sikuyajua hayo. Nilichokijua ni kwamba nguo yangu ilikuwa magotini, kwamba mlangoni palikuwa na sauti za wanaume, na kwamba nilitaka kusimama kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Niliegemeza kiwiko nianze kuinuka. Nilielewa wakati huo, mwilini, kwa nini nilisema mwinueni, na haikunipunguzia chochote.

"Lala," eeddo alisema kutoka mezani pake.

Nguo ikanishukia, pana, baridi kidogo kwa kivuli cha ukuta, ikinukia uunsi, udi wake wa kujifukizia. Kupitia kitambaa niliona migongo ya wenzangu ikisimama kunizunguka. Nikasikia fimbo yake ikija taratibu, tok, tok, na ule mguu ukiburuzwa nyuma yake. Kushuka chini kwake ni kazi kubwa, na kuinuka hawezi bila watu wawili, kila mtu kiwandani anajua. Alishuka. Alikaa kwenye maji ya sabuni miguuni pangu, akaweka kiganja kwenye ncha ya gambuti yangu ya kushoto.

"Chezesha," alisema.

Nikavichezesha. Akahamia gambuti ya kulia, nikavichezesha tena. Aliuliza kama ni vyote, nikasema ni vyote, eeddo. Mkono wake haukuondoka.

Tukakaa hapo chini sisi wawili, mimi kwa kuwa nimekatazwa kuinuka, yeye kwa kuwa hawezi, mpaka machela ilipoletwa.